Naomba ushauri: maji ya kunywa kijiji cha Wagarifuna, Honduras

Wakuu, habari zenu. Niko na kikundi kinachosaidia kijiji cha Wagarifuna, jamii yenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi, pwani ya Honduras, Amerika ya Kati, karibu na mji wa Trujillo. Visima vifupi vya ufukweni vimeingiwa na chumvi, na chumvi haiondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini. Tumevuta bomba kutoka kijito cha mlimani, maji yanashuka yenyewe. Shida ni mvua: ndoo inajaa maji rangi ya chai ya maziwa, na klorini haifui dafu kwenye tope. Akina mama wanaoandaa ereba, mkate wao wa muhogo, wanangoja mpaka jioni yatuame. Inaniuma sana. Tuanze na tangi la kutuamisha, au chujio la mchanga moja kwa moja? Na mchanga huo, sisi tukiondoka, nani awe anausafisha?