Jambia la bwana harusi: springi ya gari, tupa kuukuu au chuma cha grili?

Mwana_Likoni
Asalaam aleykum wakubwa. Mdogo wangu anaoa Mfungo Pili, inshallah. Joho lipo, kilemba kipo, jambia, kile kisu cha kuvaa kiunoni, ndilo halipo. La kukodi nimeliona, lina kutu na ala imefungwa kwa selotepu. Nimeamua nimtengenezee mwenyewe, mtindo wa zamani wa Kiomani, ubapa wa sentimita 16 hivi, makali pande mbili na mgongo katikati.

Nina vyuma vitatu: kipande cha springi ya pikapu, tupa kuukuu ya inchi 10, na chuma bapa kilichobaki tulipochomelea grili za madirisha. Vifaa ni grainda, jiko la mkaa na feni ya kukaushia nywele niliyoiba kwa dada. Nianze na kipi?

FuaChuma_Gerezani
Waaleykum salaam. Cha grili kiweke kando kwanza. Kaboni yake haifiki hata asilimia 0.3, ukikitia moto na kukichovya kwenye mafuta kitatoka vilevile kilivyoingia. Springi ina kama 0.6, tupa nzuri hufika 1 au zaidi. Kaboni ndiyo inayofanya chuma kikaze, yaani kiwe kigumu.

Mimi ni mtu wa springi. Inasamehe. Ukizidisha moto kidogo haikuadhibu, ukiiangusha haivunjiki. Ubaya wake ni unene. Ya pikapu ni milimita 6 hadi 8, nawe unataka 4 mgongoni na kupungua hadi makalini. Mwenye mvukuto na fuawe anaipiga nyundo ikiwa nyekundu mpaka inakuwa nyembamba. Wewe mwenye grainda utakula diski na vumbi siku mbili. Halafu springi iliyotumika miaka mingi inaweza kuwa na nyufa usizoziona. Kagua.

Kinoo
Kaka, kwa jiko la mkaa chukua tupa, usisumbuke. Tayari ni bapa, urefu unatosha, na ule mkia wake wa kuchomeka mpini unabaki kuwa mkia wa jambia. Iwashe moto mpaka iwe nyekundu yote, izike kwenye jivu kavu, uiache usiku kucha. Asubuhi utaikata kwa msumeno wa chuma wa kawaida.

Meno ya tupa yasage yote kabla ya kuikaza. Sizungumzii urembo. Kila jino ni mahali pa ufa kuanzia. Pia vunja ncha kidogo kwa nyundo kabla hujaanza kazi. Tupa za bei rahisi nyingine ni ngumu juu tu, ndani laini. Ikikatika kama glasi na ndani ikawa kijivu chenye punje ndogondogo, hiyo ndiyo.

FuaChuma_Gerezani
Nakubaliana na Kinoo kuhusu jiko. Ila tupa ikikazwa vibaya haikupi nafasi ya pili.

Maskati_Kwetu
Samahanini, naona mnabishana kuhusu kitu ambacho hakuna atakayekiona. Jambia harusini halichomolewi! Linakaa kiunoni mbele, watu wanaona mpini na ala, basi. Hapa Oman kazi ya ubapa ni sehemu ndogo. Fedha, nyuzi na mkanda ndiyo vinakula wiki. UNESCO iliyaingiza majambia ya hapa kwenye orodha ya urithi mwaka 2022, na kilichoandikwa ni ufundi wote na desturi za kulivaa.

Kijana, angalia umbo. Ubapa wa Kiomani umepinda kidogo tu. Kinachopinda sana, karibu pembe mraba, ni ala. Wengi huukunja ubapa ufuate ala, na hapo ndipo linapoonekana la kitalii. Ala ya Kiyemeni nayo imepinda kama ndoano, usiyachanganye.

Zamani mafundi waliyeyusha reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zile zenye mwaka 1780, ambazo fedha yake ni sehemu 833 katika 1000. Wewe tumia shaba nyeupe au waya wa shaba uliosokotwa, hakuna atakayekuuliza.

Mtu_wa_Kibokoni
Mama wa bibi harusi atauliza 😂

BintiPemba
Basi kama halichomolewi, chuma cha grili kina kosa gani? Kaka yangu alivaa la chuma hicho hicho, akang'aa, akaoa, wana watoto wawili sasa.

Kinoo
Dada, halina kosa kwa siku ile. Lakini jambia likirithiwa, mjukuu atalichomoa. Cha grili ukikipinda kinabaki kimepinda.

Mzee_Msasa
Naongeza la mpini. Msiguse pembe ya faru wala meno ya tembo, hata mkipewa bure na mtu anayeapa ni za babu yake. Faru wetu walikaribia kumalizwa miaka ya 70 na 80 kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mipini ya majambia ya Yemen. Hata nyati usimchukue Kenya, uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Pembe ya ng'ombe inatosha: ichemshe hadi ilainike, ibane kati ya mbao mbili, iache ikauke imenyooka. Harufu yake ukiisaga utaijutia, funika pua. Mpingo ni mzuri zaidi kwa maoni yangu, waulize wachonga vinyago wakupe vipande vya kutupa. Mzito, mweusi, hauhitaji rangi.

Mwana_Likoni
Wakubwa, taarifa. Nilichagua tupa. Nikaitengeneza siku tatu, mgongo katikati ukanyooka mpaka nikawaita majirani. Usiku nikaikaza kwenye ndoo ya maji. Nikasikia *tik*. Ufa toka makalini hadi mgongoni.

FuaChuma_Gerezani
Maji kwa ubapa mwembamba wa makali mawili! Mafuta ya kupikia, ndugu yangu, yaliyopashwa kidogo, uwe unaweza kutia kidole na kukitoa haraka. Tumia sumaku ya spika mbovu: chuma kikiacha kushikwa na sumaku, ongeza moto kidogo tu, kisha tumbukiza kwa ncha, wima, usitikise pembeni. Halafu oveni, nyuzi 200, saa mbili. Ikitoka na rangi ya majani makavu, umemaliza.

Mwana_Likoni
Ya pili imetoka salama. Nimeitia oveni ya mama, sasa jikoni kunanuka mafuta ya chuma na nimeambiwa nisiingie tena. Mpini ni mpingo. Ala nimeanza leo kwa mbao mbili nyepesi na ngozi ya mbuzi, na Maskati_Kwetu ulisema kweli: kona ile imenishinda mara mbili tayari. Ngozi inakunjamana ndani. Niikate vipande au niiloweshe?

Maskati_Kwetu
Loweka. Na uishone ikiwa bado mbichi.