Mtoto wa kike yuko njiani: nimpe Mwanamvua au nitamtesa?

Mama Kijacho (mleta mada)
Habari za humu ndani wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, naishi Dar na mume wangu. Mungu akijalia, mwezi wa nane tunapata mtoto, na ultrasaundi imesema ni wa kike. Majina ya siku hizi yamenichosha. Chekechea ya hapa mtaani kina Nayla na Aaliyah wamejaa hadi mwalimu anawaita kwa majina ya baba zao. Nataka jina la kina bibi. Nimebaki na matatu: Mwanamvua (bibi yangu mzaa mama, marehemu), Chausiku na Saumu. Mume hana neno, ila wifi yangu kaangua kicheko, eti mtoto atakuwa ajuza kabla hajaota meno. Mama mkwe kanyamaza tu, na ukimya wake naujua. Naombeni ushauri: lipi halitamletea utani shuleni, na lipi lina kifupi kizuri cha kumwitia nyumbani? Na hicho kifupi nacho kinaandikwa kwenye cheti? Natanguliza shukrani.

Mpwani Halisi
Mwanamvua. Funga uzi.

Mwalimu wa Zamu
Dada, nafundisha shule ya msingi, nikwambie ya darasani. Watoto hawacheki jina kwa sababu ni la zamani, wao watajuaje lipi la zamani? Wanacheka linalofanana na kitu. Nilikuwa na Saumu mmoja, mtoto mwerevu sana. Siku tuliyofika kwenye viungo vya chakula, kipindi kikaishia hapo: "kitunguu, kitunguu" mpaka kengele. Alizaliwa mwezi wa Ramadhani, babaake kampa jina la heshima zake, lakini hayo utamweleza nani darasa la pili? Chausiku hana shida, wenzake watamwita Chau basi.

Halafu herufi. Amueni mapema kama ni Mwanamvua au Mwamvua, na mlifuate hilo hilo kuanzia karatasi ya hospitali, cheti cha kuzaliwa cha RITA, mpaka fomu za shule. Nimeshuhudia mzazi akikimbizana na kiapo wakati wa usajili wa mtihani kwa sababu cheti kinasema Mwanahamisi, shule inasema Mwanahamis. Herufi moja tu! Kifupi kiacheni nyumbani. Mkiandikisha Chau, atakuwa Chau mpaka kwenye kitambulisho cha taifa.

Kaka Mchokozi
Mwezi wa nane si kiangazi? Mwanamvua wa kiangazi ndo yupi sasa 😂

Bibi wa Ng'ambo
Wewe kijana usimtie mwenzio wasiwasi. Majina yetu yana njia mbili. Kuna la tukio: kazaliwa usiku ni Chausiku, Alhamisi ni Mwanahamisi, sikukuu ni Mwanaidi, na wa pili na wa tatu ndio kina Pili na Tatu. Na kuna la kurithi, mtoto anapewa jina la mkubwa wake, huyo ndiye somo wake. Hapo inyeshe isinyeshe. Mwanangu, kama somo ni bibi yako, mwezi wa nane haukuhusu.

Ila usidhani kila la kale ni la kufufua. Siwatu, Shida, Tabu, Mashaka... mengine yalikuwa mafumbo ya mama kwa majirani na mawifi, kama maneno ya kwenye kanga. Tofauti ni kwamba kanga unaivua, mtoto anabaki nalo. Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kazaliwa Fumba akiitwa Mtumwa. Usiti kaupata ukubwani, na hilo ndilo lililokwenda Bombay kwenye santuri mwaka 1928. Na hicho kifupi unachokitafuta kichague kwa akili, maana ndicho kinachoshika. Muulize mtu Fatuma binti Baraka ni nani, atakukodolea macho. Mwambie Bi Kidude, ataanza kuimba.

Dija wa Tandika
Kwenye vifupi niulize mimi, kwetu tumezaliwa mabinti watupu. Chukua mwisho wa jina, usichukue mwanzo. Hadija ni Dija, Zaituni ni Tuni, Maimuna ni Muna, Mwanaisha ni Isha. Sisi tulikuwa na Mwanaidi, Mwanaisha na Mwanahawa nyumba moja, bibi akiita "Mwana!" wanaitika watatu, na mwenye kosa haji.

Mpare wa Usangi
Huku kwetu ni kina Elifuraha na Eliakunda. Wangu Eliakunda shule nzima inamwita Kunda, wanadhani ni jina jipya la mjini.

Shemeji wa Tanga
Watu mmeruka la mama mkwe. Anyamaze asinyamaze, jina limetoka upande wa mke, na huyo ndiye mtoto wa kwanza. Koo nyingi binti wa kwanza anampata bibi mzaa baba. Dada, nenda kamuulize yeye mwenyewe, usimtume mumeo. Na ujue, ukimpa mtoto jina la mama mkwe hutathubutu kulitamka kwa kumgombeza. Utaishia kumwita "Mama" au "Bibi", na kifupi ndicho hicho.

Mama Kijacho (mleta mada)
Asanteni sana wakuu. Saumu nimeifuta, mwalimu umenitisha. Chausiku nimeiweka akiba akija mwingine, tena azaliwe usiku kweli.

Shemeji, nimekwenda kwa mama mkwe jana. Hana kinyongo na Mwanamvua, kumbe kilichomuuma ni kwamba tumeuliza mtandaoni kabla ya kumuuliza yeye (wifi kampelekea habari!). Kasema cheti tuandike tunavyotaka, ila yeye atamwita Tunu, jina la marehemu mama yake, na nisimzuie. Sijamzuia. Kwa hiyo ni Mwanamvua, na hiyo NA ya katikati, vile vile kama ilivyo kwenye kadi ya bibi. Nyumbani Tunu. Wifi bado anacheka.

Kaka Mchokozi
Hongereni. Sasa tafuteni na la kiume mweke pembeni. Mimi ultrasaundi iliniambia binti, yuko hapa anaitwa Hamisi.