Mjadala: Tusogeze umeme vitongojini kwanza, au tuimarishe laini zilizopo?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyotangulia inasema kwamba, kwa kuwa umeme wa gridi umekwisha kufika vijijini, kazi iliyobaki ni kuusogeza haraka vitongojini, na anayesumbuliwa na kukatika kwa umeme anunue sola. Siiafiki.

Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba umeme unakatika kwa sababu hautoshi. Sababu hiyo imepungua nguvu tangu Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024. Hata sisi wa Ruvuma, tuliotegemea majenereta ya dizeli, tuliunganishwa na gridi mwaka 2018 kwa laini ya kilovolti 220 itokayo Makambako hadi Songea. Tatizo letu linaanzia baada ya kituo cha kupoza umeme, ambako laini husafiri makumi ya kilomita juu ya nguzo za miti, ikikatisha mashamba na misitu, na tawi moja likiangukia waya, vijiji vyote vilivyo mbele hukaa gizani.

Januari, fyuzi moja kati ya tatu za transfoma yetu iliungua. Baadhi ya nyumba zilikosa umeme na nyingine zikaendelea kuwa nao, hivyo mwenye mashine ya kusaga hakujua kwamba kuna hitilafu. Alipowasha, mota, ambayo huhitaji njia zote tatu za umeme, ilivuma bila kuzunguka, kisha ikaanza kutoa moshi. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walijitwika upya madebe yao ya mahindi, wakaenda kijiji cha jirani chenye mashine ya dizeli. Fyuzi ilibadilishwa siku ya nne, kwa kuwa fundi alipaswa kutoka wilayani. Mota ilikaa mjini wiki mbili ikisukwa upya, kwa gharama ya mwenyewe. Sola ya taa tatu na kuchaji simu isingemsagia hata kilo moja.

Wenzetu wa vitongojini, ambao nguzo zinawapita tu, husema kwamba umeme unaokatika ni afadhali kuliko giza la kila siku. Hoja hiyo ni nzito, wala sisemi wasubiri. Lakini nyumba mpya zikiongezwa kwenye transfoma ileile iliyokwisha kuelemewa, umeme unakuwa mdogo jioni, taa zinafifia, na tutakuwa tumewagawia wenzetu shida yetu.

Kila tunaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, asilimia 3 ya malipo huenda REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Napendekeza sehemu ya fedha hizo, hata kama italazimu sheria iguswe, igharimie kufyeka miti chini ya laini, kuweka swichi za kutenga kipande kilichoharibika ili vijiji vingine visizimike, na kuajiri fundi mmoja kila kata mwenye pikipiki, ngazi na akiba ya fyuzi. Anayeona kwamba fedha hizo zote ziende kwenye nguzo mpya, naomba aeleze nani atakayezihudumia.