Mafundi wa Mtwara, mnaua spika za watu kwa hii "weka wati nyingi"!

Wakuu, habari zenu. Leo nimekasirika, mnivumilie.

Nilimpelekea fundi mmoja pale Chikongola spika za marehemu mjomba, Quad ESL, zile bapa zisizo na koni. Kazi niliyompa: abadilishe waya wa umeme. Basi! Nafika kuzichukua nakuta kazifunga kwenye amplifaya ya wati 300, ya kupigia muziki wa harusi, eti "anazitesti". Spika inalia tak! tak! tak! na harufu ya kuungua imejaa kibandani. Kumulika na tochi ya simu, utando wa paneli ya sauti za juu una kitobo kilichoungua kingo.

Na majibu yake: "Mzee, spika zenyewe za zamani, zilishachoka."

Hazijachoka! Zimetengenezwa Uingereza kuanzia 1957 hadi 1985 na zipo nyingi duniani zinazoimba mpaka leo. Ndani kuna utando mwembamba wa plastiki uliochajiwa maelfu ya volti, katikati ya sahani mbili zenye matundu. Ukiusukuma kupita kiasi, cheche inaruka na kuutoboa. Mwisho wa hizi spika ni volti 33 za kilele. Wati 300 kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni karibu volti 70 za kilele. Hiyo ni kutesti au kuchoma?

Kiwanda chenyewe kilikuwa kinaziendesha na amplifaya yake ya valvu, Quad II, wati 15! Baadaye ikaja amplifaya yao ya 303, wati 45, nayo ni salama. Hata 405 yao ya wati 100 lazima ifungwe kizuizi cha volti kwanza. Spika zao za baadaye, ESL-63 za 1981, zina ulinzi wake ndani, hizi za mwanzo hazina.

Halafu msidanganyike na omu 16 iliyoandikwa. Kwenye sauti za juu kabisa inashuka chini ya omu 2, na mzigo wenyewe ni wa kapasita, yaani kifaa kinachotunza chaji, siyo koili kama spika za koni. Amplifaya isiyo imara inaanza kuyumba kwa masafa ambayo sikio halisikii, inajiunguza yenyewe na spika inaondoka nayo.

Fundi, kama chombo hukijui, uliza! Simu ninayo, namba uliandika mwenyewe kwenye risiti.

Paneli atalipa, Jumatatu niko pale asubuhi. Mdau wa Lindi, Masasi au hapa mjini mwenye 303 nzima anayeuza, anicheki PM.