Maoni ya bajeti ya kaunti kwa njia ya mtandao: je, yana uzito?

MkaaziWaWadi
Ndugu zangu, kaunti yetu imetangaza kwamba mwaka huu maoni kuhusu makadirio ya bajeti yatapokewa kupitia fomu ya mtandaoni, na mkutano wa hadhara utakuwa mmoja tu, makao makuu. Nimeifungua hati iliyowekwa kwenye tovuti. Kurasa zote zimepigwa skana, hivi kwamba huwezi hata kutafuta jina la wadi yako, na katika sehemu ya afya nimekuta mstari mmoja ulioandikwa "ukarabati wa zahanati mbalimbali" pamoja na jumla ya fedha, bila kutaja zahanati hata moja. Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa umma katika masuala ya fedha. Je, fomu hii inatimiza takwa hilo, na mwananchi wa kawaida afanye nini ili asikike?

KaraniMstaafu
Naona tatizo kubwa liko kwenye wakati fomu hiyo inapoletwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, hazina ya kaunti hupeleka waraka wa mkakati wa fedha katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na waraka huo ndio unaopanga viwango vya juu vya matumizi ya kila idara. Makadirio yanapowasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, mgao wa afya, barabara na maji huwa umekwisha kukatwa, na anayeomba zahanati mwezi Mei anaomba ndani ya kiasi ambacho hakukijadili. Sheria hiyo hiyo inaitaka hazina izingatie maoni ya umma inapouandaa waraka wa Februari, na iuchapishe ndani ya siku saba baada ya kuuwasilisha. Ujumbe mfupi wa simu mwezi Januari ungetufaa kuliko fomu inayokuja mambo yakiwa yameiva.

Mwanasheria_Kijijini
Kuhusu mstari wa zahanati, usiishie kwenye fomu. Andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili na kumtaka afisa husika ajibu ndani ya siku 21. Asiyejua kusoma na kuandika, afisa ana wajibu wa kumsaidia. Omba mambo mahususi: orodha ya zahanati, wadi ilipo kila moja na kiasi kilichotengwa, tena katika jedwali linaloweza kufunguliwa kwa kompyuta badala ya picha. Ukinyimwa, una siku 30 za kumwomba Ombudsman, yaani tume inayoshughulikia malalamiko dhidi ya ofisi za umma, aupitie uamuzi huo.

BintiUkambani
Kaunti ya Makueni husifiwa kwa sababu mikutano huanzia vijijini na kupanda ngazi kwa ngazi, na wananchi huchagua kamati za kusimamia miradi. Mzee asiye na simu janja wala bando husikika akiwa chini ya mwembe wa kijijini kwake. Sipingi fomu, kwani inamfaa mfanyakazi wa mjini na mtu ambaye ulemavu unamzuia kusafiri, lakini kuifanya badala ya mikutano ni kuwafungia mlango wengi.

Lililobaki ni hatima ya maoni yenyewe. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikisema, pamoja na mengine, kwamba Bunge lilipaswa kueleza sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba. Basi tusiwaachie majaji kazi hii. Tuwabane wawakilishi wadi ili ripoti ya kamati ya bajeti ionyeshe kila pendekezo, lilikotoka na lilivyoamuliwa. Hapo ndipo mtandao unafaa kweli, maana kila pendekezo linaweza kupewa namba tangu siku linapopokewa.

MkaaziWaWadi
Asanteni sana. Ombi la zahanati nitaliandika wiki hii. Je, linahitaji sahihi za wanawadi wengi?

Mwanasheria_Kijijini
Sahihi yako inatosha, kwa kuwa Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari. Wenzako waandike yao kuhusu barabara na maji.