Wataalam wa wadudu njooni hapa: huyu ni ndorobo au nzi wa kawaida?

mpiga_picha_wa_simu
Wakuu habari za jumapili. Wiki iliyopita tulikuwa Serengeti kule upande wa magharibi, aisee ukifunga vioo joto, ukifungua nzi wanaingia na wanauma hadi juu ya jinzi. Nikajipigia picha kwa simu. Ya kwanza yuko kwenye kioo cha dirisha, ya pili katua kwenye siti, ya tatu nimeipiga nyumbani Arusha kwenye maua ya giligilani, ana mistari ya njano na nyeusi, mimi nasema nyuki ila shemeji anabisha eti ni nzi. Programu ya simu imesema wa kwanza ni nzi wa nyumbani, mi sijaridhika maana nzi wa nyumbani haumi. Naomba kujuzwa, na ikiwezekana jina la kitaalamu kabisa nataka kuwaweka iNaturalist, ile tovuti ya kutambua viumbe kwa picha.

bwana_mifugo
Wa kwanza ndorobo huyo mkuu, hata usihangaike. Wengine huku wanamwita mbung'o. Achana na rangi, rangi inadanganya sana kwenye picha hasa ukiwa umewasha fleshi, angalia alivyokaa. Mabawa yake bawa moja limelala juu ya jingine kabisa na yamepitiliza tumbo, wakati nzi wa nyumbani akitua mabawa yanaachana kwa nyuma. Halafu mdomo, ule mrija umechomoza mbele ya kichwa, kwako unaonekana vizuri tu japo picha ina ukungu. Ukizumu katikati ya bawa utaona mishipa imechora kachumba chenye umbo la shoka, ukiliona hilo umemaliza, ni Glossina, ndio jina la kitaalamu la ndorobo.

Wa pili ni pange. Mabawa yana madoadoa ya kijivu na kayaweka kama paa la nyumba, macho yana michirizi ya rangi, hao ni kundi la Haematopota. Ni jike, kwao dume halinyonyi damu. Ndorobo ndio wananyonya wote, dume na jike.

mama_bustani
Shemeji yako yuko sahihi 😂 huyo wa tatu ni nzi. Watu huwa wanasema hesabu mabawa, nzi ana mawili nyuki ana manne, sawa ni kweli ila kwenye picha haikusaidii maana nyuki mabawa yake ya mbele na ya nyuma yanashikana kwa vindoano vidogo unaona kama ni mawili tu. Angalia papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, za nyuki ni ndefu zimepinda kama kiwiko, za huyu ni fupi hata hazionekani vizuri, na macho yamejaa kichwa kizima. Ukimwona anaelea hewani pale pale halafu anachomoka ndio mwenyewe, familia ya Syrphidae. Usimpulizie dawa, watoto wa wengi wao wanakula vidukari kwenye mboga.

mpiga_picha_wa_simu
Asanteni sana, shemeji nitamnunulia soda. Sasa huyo ndorobo ni yupi? Nimesoma wapo aina nyingi

ndorobo_kitambo
Hapo ndo penye kazi. Kwa Serengeti unaowategemea zaidi ni Glossina swynnertoni na Glossina pallidipes, na picha ya mgongoni haitakupa jibu. Tazama ncha za miguu ya mbele na ya kati, vipingili viwili vya mwisho. Pallidipes ni vyeupe vyeupe, swynnertoni vina ncha nyeusi iliyokolea. Si alikuwa kwenye kioo? Kama kuna aliyempiga kwa nje ya gari, tumbo na miguu itaonekana yote, tupia hiyo picha.

mpiga_picha_wa_simu
Dereva alipiga moja kwa nje, nimeitupia hapo juu. Naona weusi miguu ya mbele

ndorobo_kitambo
Safi sana. Kwa miguu hiyo na mahali hapo mimi nasema swynnertoni, tena huyo haishi kokote duniani isipokuwa kaskazini mwa Tanzania na kusini magharibi mwa Kenya.

bwana_mifugo
Ndorobo_kitambo nakuheshimu lakini picha ya simu kupitia kioo chenye vumbi? Kivuli kinaweza kutia weusi. Maabara wanaangalia mpaka sehemu za uzazi kwa darubini. Aandike Glossina aishie hapo, ila mahali na tarehe aweke.

ndorobo_kitambo
Kivuli hakiwezi kuchagua vipingili viwili kwenye miguu yote mkuu. Ila sawa, aandike Glossina na picha ya miguu aiweke, wengine watachangia.

mama_bustani
Nyie mnabishana miguu, mwenzenu kaumwa 😅 Kaka ukipata homa au kidonda pale ulipoumwa wahi hospitali na uwaambie ulikuwa Serengeti, wakupime malale, ule ugonjwa unaoenezwa na ndorobo, wasiishie kwenye malaria tu. Na safari ijayo usivae bluu wala nyeusi, hizo rangi ndio watu wanazotengenezea mitego ya kunasa ndorobo.

mpiga_picha_wa_simu
Kumbe!! Nilivaa jinzi ya bluu safari nzima