Kizibo cha vidanji cha Coccinelle ya zamani: shaba, aliminiamu, faiba au silikoni?

Kamalondo68
Jambo bandugu. Swali ni juu ya Coccinelle (Volkswagen Beetle) 1500 ya mwaka 1968. Kila asubuhi kuna tone la mafuta chini ya kizibo cha vidanji (kile cha kumwagia mafuta ya moteri wakati wa kuyabadilisha). Hapa Lubumbashi sokoni kuna rondela (pete bapa za kuzibia) za shaba, za aliminiamu na za faiba nyekundu. Mafundi wengine wanapaka silikoni au wanazungusha ule utepe mweupe wa mabomba ya maji. Kwa kizibo cha M14 × 1.5 (unene mm 14, nafasi kati ya meno mm 1.5), mnashauri nini?

Funguo19
Utepe, hapana. Meno ya kizibo hiki yamenyooka, hayachongoki kama ya bomba. Kinachozuia mafuta ni uso wa chini ya kichwa cha kizibo, unapobana rondela kwenye sahani, yaani kifuniko cha chuma chini ya moteri ambamo kizibo kinafungwa. Ukijaza meno unatibu pasipouma.

Silikoni ni mbaya zaidi kwa moteri hii. Mafuta yanashuka kupitia chujio la waya, na bomba la pampu linanyonya chini ya chujio, juu tu ya kizibo. Kipande kinachobanduka hapo kimeshapita chujio: njia yake ni pampu moja kwa moja. Filta ya karatasi ya kukinasa haipo.

Mbabula
Naunga mkono. Kwa rondela: faiba inaziba hata uso ukiwa na mikwaruzo kidogo, lakini ukikaza kupita kiasi inapasuka, na haifai kurudishwa. Aliminiamu ni laini, inaziba vizuri sana mara moja. Vidanji inayofuata uitupe.

Shaba ndiyo ya kudumu, ikiwa laini. Kila ikibanwa inakuwa ngumu, na rondela ngumu haikai sawa na uso. Idondoshe juu ya simenti: ikilia kama sarafu, ni ngumu. Iweke katika makala (makaa) ya mbabula, yaani jiko, pepea mpaka iwe nyekundu ya giza (isiyeyuke!), itoe kwa pensi (koleo), izamishe majini. Sugua ule weusi. Sasa ikidondoka inatoa sauti ya kufa. Irudishe hivyo kila vidanji, yaani kila kilomita 5,000.

Msikunje waya wa umeme kuwa pete. Pale ncha zinapokutana kuna mwanya, na mafuta yatapita hapo.

KarteriKavu
Ndugu Kamalondo, kabla ya kununua chochote, hakikisha ni kizibo kweli. Moteri ikiwa baridi, safisha chini yote kwa esansi (petroli), iache ikauke kabisa, pakaza unga wa chaki, kisha washa dakika kumi. Alama ya kwanza kulowa ndiyo chanzo.

Mara nyingi ni sahani. Inashikwa na nati sita za M6, na watu wanazikaza kwa hasira mpaka chuma kinabonyea kuzunguka kila tundu. Hapo hata rondela ya dhahabu haisaidii. Ilaze juu ya chuma bapa, gonga kingo polepole mpaka rula isionyeshe mwanga chini yake. Weka gasketi mbili za karatasi mpya, moja juu ya chujio na moja chini, na rondela ndogo ya shaba chini ya kila nati, maana mafuta hushuka pia kwenye meno ya vijiti vinavyoshika nati hizo.

Kamalondo68
Asante, yaya. Na nguvu ya kukaza, bila funguo ya kipimo?

KarteriKavu
Kizibo ni Nm (nyutoni-mita) 34: kwa funguo ya 19 yenye mkono wa sentimita 20, ni kama kuvuta kilo 17. Nati ni Nm 7 tu: kwa mkono wa sentimita 10, kilo 7, na kaza kwa kupishana. Karteri (kasha la moteri) ni ya magneziamu; kijiti cha nati kikichomoka na meno yake, ukarabati ni mkubwa. Meno ya kizibo yakiharibika unabadilisha sahani tu.

Kisha mimina lita 2.5, washa, zima, ngoja dakika tano, pima kwa kijiti cha kupimia mafuta.